Usimwonyeshe Msomaji Njia ya Namkuya

Nyie vijana wa kikundi cha watunzi cha Mtawanya mmeniandikia kwamba mnataka "siri za mafanikio" za mtu aliyetunga hadithi za ulimwengu uliopotea kwa miaka zaidi ya thelathini. Mafanikio! Nimekaa hapa barazani na miwani iliyofungwa kwa uzi, nacheka peke yangu, hadi mke wangu Somoe ameuliza kama nimemeza dawa zangu za presha. Mwalimu akistaafu hupewa kiinua mgongo. Karani wa bandari hupewa hata saa ya ukutani. Mtunzi wa majoka akistaafu hupewa swali: "Mzee, sehemu ya pili inatoka lini?" Lakini mmeomba kwa adabu na mmeniita babu, basi nitawaambia niliyonayo, na mengi ni makosa.

Kazi nilifundishwa na Mzee Bakari Taipu. Alikuwa akipiga taipu barua za watu Mikindani: barua za talaka, za kuomba kazi, za kumlalamikia diwani. Yeye hakuwahi kutunga hadithi hata moja, lakini alijua uongo kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona, maana ulipita mikononi mwake kutwa nzima. Nilimpelekea hadithi yangu ya kwanza, ya kenge mwenye mabawa mwenye urefu wa mitumbwi saba. Akaisoma yote bila kucheka, akavua miwani. "Kenge nimemkubali," akasema. "Ila huyu Kapteni Jabali wako amesonga ugali wa muhogo wakati kenge anamkimbiza. Moto kaupata wapi? Sufuria kabeba nani?"

Nikamwambia ni hadithi tu, mzee wangu.

"Uongo mkubwa haumsumbui mtu," akanijibu. "Ule mdogo mdogo ndio unaokuvua nguo."

Sikumsikiliza, kijana hasikii. Kitabu changu cha kwanza kilipotoka, nilipata barua ya mkulima mmoja wa Nanyamba. Kitabuni mlikuwa na watu wenye macho matatu, mlima unaotembea na malkia wa miaka mia tisa. Yule bwana hakugusa hata kimoja. Aliandika kurasa mbili kamili kuhusu jambo moja: kwamba Kapteni Jabali ameokota korosho mwezi wa nne. "Mwandishi," aliandika, "malkia wako ni mzuri na Mungu amzidishie umri, lakini korosho haziokotwi mwezi wa nne. Usituharibie watoto." Barua ile niliibandika ukutani, na tangu siku hiyo kila ninapotaka kuweka jini kwenye hadithi, kwanza naangalia msimu.

Mchapishaji naye alikuwa na mafunzo yake. Alikuwa bwana mmoja wa Dar es Salaam, mwenye feni mbili mezani na tumbo la kuzitosha zote mbili. Nilimwambia nataka kuandika ulimwengu uliopotea kwenye mikoko ya mdomo wa Ruvuma. Akanitazama kwa huruma. "Mtwara? Nani atapotelea Mtwara? Watu hupotelea Amazoni." Basi nikaandika Amazoni. Nilichofanya, nilipanda baiskeli hadi mtoni, nikakaa siku tatu natazama mikoko, matope na viboko, nikarudi nyumbani nikabadili majina. Viboko nikawaacha. Vitabu vitatu vizima Kapteni Jabali alikimbizwa na viboko huko Amazoni, na hakuna msomaji hata mmoja aliyelalamika, kwa kuwa hakuna aliyefika. Baadaye ndipo mtalii mmoja akaniambia kwamba kule hawana viboko. Nikamjibu kwamba ndiyo maana ule ulimwengu umepotea.

Mnaona nachelewesha. Nacheza na viboko kwa sababu ninakotaka kuwapeleka sipapendi. Haya, twendeni.

Nilioa kijiji cha mbele ya Madimba, ukielekea mtoni, na kwa desturi yetu mwanamume ndiye anayehamia kwa wakwe. Nilijenga kibanda changu nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu, Bi Sharifa. Na kwetu mkwe wa kiume hasemezani na mama mkwe ana kwa ana. Ukikutana naye njiani unapisha, ukiwa na neno unamtuma mkeo. Miaka karibu thelathini niliishi hatua ishirini kutoka kwa mama yule na sikuwahi kumwambia hata "chumvi imezidi". Lakini ukuta wa udongo hauna desturi. Kila jioni alikaa na wajukuu wakimenya ming'oko, vile viazi vya porini, akiwasimulia habari za Namkuya, nami upande wa pili wa ukuta nilikuwa na daftari.

Namkuya ndiko alikozaliwa, ng'ambo ya mto, Msumbiji. Kilikuwa kijiji cha wafinyanzi. Alisimulia habari za visima vyake viwili, kimoja cha wanawake na kimoja cha wanaume. Alisimulia habari za mzee mmoja aliyefuga kanga hamsini na kumwita kila mmoja kwa jina. Kijiji kilichomwa moto wakati wa vita vya Mreno, siku moja, asubuhi. Yeye na mumewe walivuka mto na mtoto wao wa kwanza, Saidi, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili. Mtoto alishikwa na homa majini na akafa walipotia mguu upande huu. Walimzika palepale, wao wawili, bila sanda wala shehe, na nguo zake na kila kitu, hatua arobaini kutoka kwenye mkwaju pacha. Wakaweka jiwe jeupe juu. Baada ya vita mume alirudi ng'ambo kuangalia, akakuta kichaka kimemeza kila kitu, hata visima havijulikani vilipo. Somoe wangu alizaliwa baadaye, hapohapo walipojenga, na mkwaju ule aliujua tangu anatambaa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kosa lilipo. Zilipokuja simu kubwa, binti wa dada yangu, Rehema, alinifungulia kundi la WhatsApp. Akanifundisha kukata hadithi vipande vipande na kuandika ITAENDELEA pale mtu anapotaka kujua. Wasomaji wakawa wengi kuliko nilivyowahi kuota, na mchapishaji mwenye feni hakuwepo tena kunikataza. Nikasema, liwalo na liwe, sasa naandika ya kwetu. Nikaandika ulimwengu uliopotea chini ya mto Ruvuma, wenye mji wa dhahabu unaolindwa na yule kenge wangu. Nilihitaji jina la mji, nikauita Namkuya. Nilihitaji lango, nikatazama dirishani. "Hatua arobaini kutoka kwenye mkwaju pacha, chini ya jiwe jeupe."

Somoe aliposoma aliniwekea simu magotini. "Hili ni la mama," akasema.

"Ni hadithi tu, mke wangu. Nani atajua?"

"Watu wana macho, baba Zuhura."

Nikamwambia kwamba msomaji hana haja ya kutembea, ndiyo maana anasoma. Nilijiona nimesema jambo la maana sana.

Wiki ya tatu nikamkuta kijana wa kijijini, mwenye simu mkononi, anahesabu hatua kutoka kwenye mkwaju. Alipofika arobaini alitabasamu kama aliyepata jibu la mtihani. Nyie mnajua mambo ya huku kusini: kila jiwe lililokaa vizuri ni mali ya Mjerumani. Mjerumani alikuja, akafukia rupia zake chini ya jiwe jeupe, akachonga alama mtini, akaondoka. Ukimwambia mtu kwamba lile jiwe ni kaburi, ndiyo kwanza macho yanamng'aa, kwa kuwa kila mtaalamu anajua Mjerumani alificha mali kwenye makaburi ya bandia. Kumbe mimi, kwa kalamu yangu, nilikuwa nimechora ramani ya hazina bila kukosa hata alama moja.

Nikatoka kuwaambia kwamba nimetunga. Ndugu zangu! Maisha yangu yote nilitafuta watu wa kuniamini. Nimeandika milima inayotembea, nikaambiwa sina mantiki. Siku nilipokwenda mlango kwa mlango nikiapa kwamba mimi ni mwongo, ndipo kijiji kizima kikaniona mkweli.

"Unaficha, mzee," aliniambia Mchopa, fundi wa pikipiki na msomaji wangu namba moja. "Unataka uchimbe peke yako."

"Mchopa mwanangu, kenge mwenye mabawa umemwona wapi?"

"Kenge umeongeza wewe. Sisi hatutaki kenge, tunataka jiwe."

Mwingine akaleta hoja ambayo mpaka leo sijapata jibu lake. "Babu, tangu tunazaliwa tunaambiwa huku kwetu chini hamna kitu. Mchanga na muhogo basi. Halafu Madimba palepale pakatoka gesi, ikaingia bombani hiyoo hadi Dar. Leo mtu aje tena kutuambia chini hamna kitu?" Watu wakapiga makofi. Mimi mwenyewe nusura nipige.

Ofisa mmoja alikuja na pikipiki kunihoji. Nikashukuru, nikajua serikali imekuja kuokoa kaburi. Akatoa fomu, akauliza kama nilipokuwa nikifanya utafiti wa huo mji wa kale nilikuwa na kibali. Nikamwambia mji haupo. Akaandika: "Mtafiti hatoi ushirikiano."

Kisha akaletwa Mtaalamu. Hakuwa na jina lingine, alijiita hivyo na watu wakamwita hivyo. Alikuja na kipimo, kifimbo kirefu chenye sahani chini na waya, na miwani myeusi kana kwamba dhahabu ingemchoma macho. Akazunguka mkwaju, kipimo kimya. Akapita kwenye jiwe jeupe, kipimo kikalia. Watu wakapiga yowe, wengine wakaanza kukumbatiana. Mchopa akaniangalia kwa huzuni ya kweli. "Mzee," akasema, "hadithi tu, eti?"

Kwa dakika moja, Mungu anisamehe, nilifikiri labda kweli nimeotea. Mtunzi ni mtu wa hovyo namna hiyo, anaweza kuuamini uongo wake mwenyewe kabla haujapoa.

Nyumbani Bi Sharifa alikuwa ameacha kula. Alikuwa anatoka alfajiri anakwenda kukaa kando ya lile jiwe, anarudi jua likizama, kwa hofu kwamba akiondoka watamfukua mwanawe. Somoe hakunigombeza, na bora angenigomba. Aliniambia tu, "Mama anauliza kama kalamu yako inaweza kufuta." Nilijisikia aibu ambayo sikuwahi kuijua.

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano baada ya sala ya Ijumaa, palepale penye mkwaju. Majembe yalikuwa yameshafika kabla ya watu. Mwenyekiti, mtu wa busara kiasi, akasema hataki damu: mwandishi aape kwa msahafu. Akiapa kwamba mambo yote ya kwenye hadithi ni uongo, hakuna kuchimba. Akishindwa, vijana wafanye kazi. Kila mtu akakubali, hata Mtaalamu, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo.

Nikatawadha, nikaweka mkono. Mwenyekiti akaanza kuuliza moja moja. Kenge mwenye mabawa? Wallahi ni uongo. Malkia? Wallahi ni uongo. Dhahabu? Wallahi sijaiona wala kuisikia. Watu wakaanza kuguna, majembe yakaanza kushuka.

"Na Namkuya?" akauliza mwenyekiti. "Apa kwamba hakuna mahali palipoitwa Namkuya."

Mkono wangu uko juu ya msahafu, na Namkuya ilikuwepo! Ilikuwa na visima viwili, ilikuwa na kanga wenye majina. Kama nilikuwa na kitu kimoja cha kweli katika hadithi zangu zote, kilikuwa kile, na sikukitunga mimi. Nilijaribu kutoa sauti, haikutoka. Vijana, mimi niliyewafanya viboko wavuke bahari hadi Amazoni, siku ya kusema uongo mmoja tu wenye faida nilishindwa.

"Mmeona!" akapiga kelele Mchopa. "Mmeona kanyamaza!" Jembe la kwanza likainuliwa.

Ndipo Bi Sharifa akasimama kutoka pale kwenye jiwe. Akaja moja kwa moja hadi mbele yangu. Mimi kwa desturi nikainamisha macho nikataka kupisha, lakini hakupita. Akasimama, akaniambia mimi, kwa mdomo wake, kwa mara ya kwanza tangu nilipomwoa binti yake: "Ondoa mkono, mwanangu. Hilo si lako."

Akaweka wake.

"Mimi Sharifa," akasema, "nimezaliwa hapahapa. Ng'ambo sijapata kukanyaga. Namkuya hakuna. Ni hekaya nilizowatungia wajukuu wapate kumenya ming'oko bila kuchoka, na huyu mkwe wangu akaziokota ukutani. Wallahi Namkuya hakuna, wala haikupata kuwepo." Kisha akamgeukia Mtaalamu. "Na hicho kinachokulilia ni kikuku cha shaba cha mwanangu Saidi. Nilishindwa kumvua. Mkitaka kikuku, chimbeni, mimi mwenyewe nitawashikia jembe."

Walikuwepo wazee wawili waliovuka mto miaka ile kama yeye. Waliangalia chini, hawakusema kitu. Jembe la kwanza likashuka polepole, mengine yakafuata, na Mtaalamu akakunja waya wake. Mchopa alikuja kuniomba radhi huku analia. Baadaye yeye ndiye aliyelizungushia lile jiwe uzio wa miti, na hadi leo hupalilia.

Kaburi likapona. Bi Sharifa akafunga siku tatu mfululizo bila kumwambia mtu sababu, lakini sisi wa nyumbani tulijua: ilikuwa kafara ya kiapo. Na jioni wajukuu walipokuja na ming'oko na kuomba Namkuya, aliwajibu, "Ile ya uongo?" Akawasimulia habari za sungura. Hakulitaja tena lile jina, si kwao, si kwa Somoe. Mimi nilifunga lile kundi la WhatsApp siku ileile. Rehema alinisihi niandike mwisho, nikamwambia kenge amekufa, basi. Wasomaji walinitukana sana.

Nyie mtaniuliza fundisho. Mzee Bakari Taipu alinionya kuhusu uongo mdogo. Hakunionya kuhusu ukweli mdogo, ule unaoutia kwenye uongo ili unoge kwa wengine. Ukweli ule una mwenyewe. Kaombeni kwanza, na kama desturi hairuhusu kumsemesha, tumeni mtu. Mimi nilikuwa na mke wa kumtuma kila siku, nikaona ukuta ni njia fupi.

Bi Sharifa alifariki mwaka jana, na wale wazee wawili walikuwa wameshatangulia. Ilipokaribia arobaini yake, ndugu wakasema lazima baada ya kisomo isomwe historia fupi ya marehemu, na nani wa kuiandika kama si mkwe wake, mwandishi? Nilikaa na kalamu siku nzima. Kazi yangu ilikuwa mistari kumi, na nilihangaika na mmoja. Jioni nikamwuliza Somoe, "Niandike kazaliwa wapi?" Akanijibu, "Kule alikozaliwa."

Siku ya arobaini nikasimama mbele ya watu, uwanja umejaa, watani wameshajipanga mbele na mizaha yao. Nikasoma: "Marehemu Bi Sharifa alizaliwa katika kijiji cha Namkuya, ng'ambo ya mto."

Watani ndio walioanza. "Na kenge je?" mmoja akauliza, na uwanja mzima ukaangua kicheko, vijana kwa wazee, hata shehe akaficha mdomo kwa kanzu. Walicheka kwa mapenzi, siwezi kuwalaumu. Nikasubiri wamalize. Nikafuta miwani, nikausoma mstari uleule tena, polepole, kila neno: alizaliwa Namkuya.

Wakacheka kuliko mara ya kwanza.